M Kubwa kwenye Lebo

3 Machi

Mwanangu,
Hujambo huko uliko? Sisi wazima, ila kifua kimenizoea kama mpangaji asiyehama.

Mwenzio sina raha. Tangu uhamishie tovuti yetu kwenye seva mpya, simu imenyamaza. Leo nimekutana na mkunga wa wodi ya wazazi. “Fundi, kumbe ulifunga duka! Nimeandika anwani ya kwenye lebo ya blanketi, naambiwa ukurasa haupo.” Haupo, nami nipo hapa na cherehani! Kila blanketi la mtoto nililoshona lina lebo ile. Wateja wakipotea njia, mafundi wangu wawili nitawaambia nini?

Shangazi yako

5 Machi

Shikamoo Shangazi,
Pole na kifua. Mimi mzima, namshukuru mungu. Usihofu: niliiandikia seva kanuni, anayekuja kwa anwani ya zamani apelekwe kwenye mpya. Nimejaribu sasa hivi, inafunguka vizuri. Labda mkunga kasahau miwani. Hebu ninakilie lebo, herufi kwa herufi.

Mwanao

6 Machi

Marahaba mwanangu,
Mkunga anayeona mshipa wa kichanga akose kuona lebo? Baada ya jina la duka kuna alama ya mkwaju, ule mstari wa kulala, halafu: kazi-ya-Mungu. M kubwa. Mwenye mashine ya lebo aliniletea m ndogo, nikamrudishia mzigo mzima. Kwangu Mungu haandikwi kidogo. Nimemwomba akufumbue macho.

Shangazi yako

7 Machi

Shikamoo Shangazi,
Amenifumbua! Seva ya zamani haikujali herufi kubwa wala ndogo. Hii mpya inabagua. Kanuni niliiandika kwa m ndogo, na kila nikijaribu naandika ndogo hiyohiyo, ndiyo maana nikajiona mjanja. Nimeiongezea agizo isibague. Sasa kubwa inafika, ndogo inafika. Mkunga ajaribu tena, na umwombe radhi kwa yale ya miwani. Namshukuru Mungu.

Mwanao

10 Machi

Mwanangu,
Hata kifua kimehama. Mkunga kajaribu mbele yangu, mimi nimefumba macho. “Fundi, fumbua, mablanketi haya hapa!” Nikakaa palepale kwenye benchi la wodi, nikacheka mpaka mama mmoja akanipa hongera ya mjukuu. Mkunga ameagiza ya wodi nzima. Cherehani zote zinalia. Ya miwani sikumwambia, ana mikasi yule.

Nimezirudia barua zako. Ya kwanza ulimshukuru Mungu kwa m ndogo, ya pili kwa kubwa. Seva na isibague. Mimi nimeona.

Shangazi yako