Taa ya Gia Uliyoifunga kwa Ajili Yangu

Kaka Ambakisye,

Wamenipa pikipiki. Najua ungecheka mpaka ushike mbavu. Mimi, karani uliyekuwa ukinipakia nyuma kutoka Mbeya mjini hadi Mbalizi nikiwa nimefumba macho njia nzima, sasa kila Jumanne naendesha peke yangu kwenda vijijini kukusanya taarifa za mazao. Nimeanguka mara mbili. Mara ya pili ilikuwa hapa hapa Kihesa, mbele ya akina mama wanaouza nyanya, na mmoja akaniambia, "Pole baba, hiyo pikipiki inakukataa." Niliinuka, nikashukuru. Sikuwa na nguvu hata ya kuona aibu.

Huu ni mwezi wa nne tangu nihamie Iringa. Niliomba uhamisho mwenyewe. Niliandika kwamba nataka kuwa karibu na nyumbani, na hilo ni kweli nusu. Nusu nyingine ni kile chumba tulichopanga pamoja Mbeya. Koti lako la mvua lilibaki kwenye msumari, na kila asubuhi nililiona kabla sijaona kitu kingine. Nilidhani nikiondoka nitapumzika. Nalala mapema, kaka, na naamka nimechoka.

Leo ni Jumapili, saa tisa mchana, na ukungu haujaondoka tangu asubuhi. Nilikaa mezani niandike barua ya kazi. Imenishinda. Ndiyo maana nakuandikia wewe kwanza.

Ni hivi. Mkuu wangu wa hapa, mtu mpole, ambaye wanasema humwita "ndugu" hata mke wake, amesikia kwamba kule Mbeya tulikuwa na pikipiki yenye taa za kuonyesha gia. Hapa ofisi ina pikipiki sita, na maofisa wanalalamika kwamba hawajui wako gia gani. Ijumaa alinisimamisha mlangoni. "Ndugu karani, wewe zile taa unazifahamu. Niandikie ukurasa mmoja. Zinafaa au hazifai? Ukisema zinafaa, tunazifunga zote sita." Nikasema, ndiyo mkuu.

Zinafaa au hazifai. Wewe na mimi tulibishana juu ya hilo kwa miezi miwili.

Unakumbuka ilivyoanza. Miaka tisa ya ubwana mifugo uliimaliza juu ya pikipiki moja, ile ya zamani, ambayo ukikanyaga gia inapanda. Kisha ikaja ile mpya, ambayo ukikanyaga gia inashuka. Mkawa mnapokezana na wenzako, leo hii, kesho ile. Ulirudi siku moja ukanisimulia, unacheka, jinsi mguu ulivyosahau uko juu ya pikipiki ipi, na jinsi ulivyoingia kwenye kona na gia isiyo yake. Ulicheka peke yako. Mimi niliacha ugali wangu ukapoa.

Kesho yake nikaanza kukusumbua. Nilikuwa nimeona kwenye gazeti la kigeni picha ya pikipiki yenye namba ya gia inayowaka mbele ya dereva. Ulisema, "Karani, unataka niendeshe au nisome?" Ulisema gia iko mguuni na masikioni. Injini ikilia sana, panda. Ikianza kukoroma, shuka. Ukikosea, injini yenyewe inakuambia. Nami nikajibu, kwa sauti ya mtu aliyesoma, "Mguu unasahau, kaka, taa haisahau." Nilijivunia sana sentensi ile. Sasa natamani ningeimeza.

Ulikubali mwishowe, ingawa sikuwa nimekushinda kwa hoja. Ulisema, "Haya, tuifunge, angalau wewe upate kula."

Fundi Saidi wa Mbalizi aliitengeneza kwa kopo la majani ya chai. Balbu tano za tochi, nne alizipaka rangi nyekundu kwa gia nne, na moja ya kijani kwa fri, pale pikipiki isipokuwa kwenye gia yoyote. Akapitisha waya hadi kwenye gia, akalifunga kopo katikati ya usukani wa ile mpya. Nilimuuliza kama mtu akiwa nayo hatakosea tena. "Mie nauza mwanga, bwana wee. Akili mje nayo kutoka kwenu." Ulicheka mpaka ukakaa juu ya tairi.

Nataka niwe mkweli, hata kwa lile kopo. Mimi lilinisaidia. Uliponifundisha kuendesha kule uwanjani nyuma ya ofisi, taa ya kijani ndiyo iliyoniokoa. Pikipiki ikiwa imesimama, unaona kama iko fri kabla ya kupiga kiki, na huruki ukutani kama panzi. Kwa mwanafunzi, kwa mtu aliyesimama, ni kitu kizuri. Lakini mvua za Mbeya ziliingia kwenye kopo, na kuna wiki gia ya pili na ya tatu ziliwaka pamoja kama mapacha. Tena juani hazikuonekana. Hilo tuliligundua siku ya kwanza tu. Jua likiwaka ilikubidi uiname, ukinge kiganja juu ya kopo, ndipo uone ipi inawaka. Nilisema tutarudi kwa Saidi aweke kifuniko. Nilisema hivyo mara nyingi. Hatukwenda.

Sasa nifike mahali ambapo nimekuwa nikipazunguka.

Ulipoanguka kwenye mteremko wa kushukia Usangu, mimi ndiye niliyetumwa kuandika maelezo ya walioona. Mwandiko wangu ni mzuri, walisema. Aliyeona alikuwa mmoja, Mama Kabula, wa wale wafugaji wa Kisukuma waliohamia bondeni. Ng'ombe wa kwake ndio waliokuwa wakivuka, naye alikuwa nyuma yao. Tulikaa chini ya ukuta wa ofisi ya kijiji. Alizungumza polepole, akinihurumia, maana alikuwa ameambiwa kwamba nilikuwa nakaa na marehemu.

Alisema, "Mwanangu, ng'ombe walikuwa wameshavuka, walibaki wawili tu. Alikuwa mbali yule baba. Angetuona, angesimama. Hakututazama. Alikuwa ameinama, mkono mmoja ameukinga hivi, kama mtu anayewasha kiberiti kwenye upepo." Na akanionyesha kwa kiganja chake.

Nilijua hapo hapo.

Kalamu ilikuwa mkononi, kaka, na sikuandika. Niliandika kwamba ng'ombe waliingia barabarani ghafla. Halafu ikafika zamu ya kumsomea maelezo yake, kama utaratibu unavyotaka, kwa kuwa hajui kusoma. Nilimsomea yote. Nilimsomea hata yale ya kiganja na kiberiti, ambayo hayakuwa kwenye karatasi, huku macho yangu yakifuata mistari kana kwamba yapo. Akatikisa kichwa kukubali. Akabonyeza kidole gumba kwenye wino, akakiweka pale nilipomwonyesha. "Asante, mwanangu," akasema, "umeniandikia vizuri."

Baada ya karatasi ile, waliamriwa waondoe mifugo yao karibu na barabara. Nasikia wamehamia ndani huko, kwenye majimaji, ambako ndama wanakufa. Na kwenye msiba wako Tukuyu mama yako alinishika mikono akasema, "Ng'ombe wa watu wamenimalizia mwanangu." Niliinamisha kichwa. Alidhani nalia.

Nimejitetea kwa kila njia. Nimesema labda ulikuwa unainamia koki ya petroli, maana siku hizo petroli ilikuwa ya shida na ulizoea kuifungulia akiba ukiwa mwendoni. Lakini koki haihitaji kukingwa na jua. Nimesema labda ungeanguka hata bila taa, mguu ungechanganya pikipiki kama siku ile ya kwenye kona. Labda. Ila macho yangekuwa barabarani, na ungewaona wale ng'ombe wawili. Ulikuwa unaitazama taa kwa sababu nilikuomba uitazame. Kila asubuhi, ukishavaa koti, nilikuambia, "Kaka, usisahau kuangalia taa." Nawe ulijibu, "Sisahau, mama mkwe."

Naitamani hata hiyo dharau yako.

Nimeandika mara nne leo, na nimechana mara tatu. Ile ya nne, niliyoiandika katikati ya barua hii, iko hapa mezani. Inasema hivi: taa ya kuonyesha gia humsaidia anayejifunza, pikipiki ikiwa imesimama. Ikiwa mwendoni humfanya dereva ashushe macho pale anapoyahitaji zaidi, na aina hii ya kufungwa na fundi haionekani juani. Kinachowafaa maofisa ni kila mmoja kukaa na pikipiki moja, bila kupokezana, mpaka mguu uizoee. Nisingependa ofisi izifunge. Na chini yake nimeeleza ninavyojua. Nimemtaja Mama Kabula, nimeandika maneno yake yote, na nimeandika kwamba mimi ndiye niliyeyaacha nje.

Nakala moja ni ya mkuu wa hapa. Nyingine ni ya Mbeya, ifungwe pamoja na maelezo ya zamani.

Naogopa, kaka. Karani aliyepotosha maelezo yenye kidole cha mtu hafukuzwi tu, anaweza kufungwa. Mama yangu na wadogo zangu watatu wananitegemea mimi. Ningeweza kuandika "hazifai" na kuishia hapo, kwa sababu mbili tatu za vumbi na mvua, na mkuu angenishukuru, na hakuna pikipiki hata moja ambayo ingefungwa kopo. Asubuhi yote nimekuwa nikijiambia kwamba hiyo inatosha. Lakini ndama wangeendelea kufa kule majini kwa ajili ya sentensi yangu, na mama yako angeendelea kuwalaani watu wasio na kosa.

Kesho, ofisi ikifunguliwa, nitazipeleka zote mbili kwa mkono wangu kabla sijavua koti, kwa sababu nikikaa kitini najijua. Nikifukuzwa nitapanda basi kwenda Tukuyu, nimwambie mama yako uso kwa uso. Nisipofukuzwa nitaomba ruhusa, niende vile vile. Na wakiniacha huru, nitashuka Usangu kumtafuta Mama Kabula popote walipohamia, nimsomee upya, kila neno likiwa kwenye karatasi, nimwache aamue kama bado anataka kuweka kidole chake.

Lala salama, kaka. Sikuombi unisamehe leo. Ngoja kwanza nifike ofisini.

Mdogo wako,
Festo