Kamba ya Nyuma ya Kinga

Alhamisi, mangaribi

Kamba haikukatika. Mimi njo niliiachilia.

Tangu tuoane tunapeleka muhogo sokoni vilevile: mume wangu, Papa Neema, anasukuma kinga, ile baiskeli yetu, yenye magunia, mimi ninatembea nyuma nikishika kamba iliyofungwa kwenye kinga. Kwenye muteremko, mimi njo breki. Leo, kwenye muteremko wa mwisho mbele ya Kalemie, njia ilikuwa na utelezi wa mvua. Kinga ikanivuta, miguu ikateleza, nikaogopa. Mikono ikafunguka yenyewe.

Yenyewe? Hapana. Niliifungua.

Akaanguka na kinga mpaka kwenye mufereji. Goti limechanika. Gunia moja limepasuka, na ule muhogo niliouanika siku zote zile umejaa tope. Sokoni wamama waliuangalia tu, wakapita.

Afadhali angenifokea. Pale kwenye mufereji damu inamutoka, na bado ananiuliza, "Mama Neema, haukuumia?" Halafu akasema, "Kamba imekatika. Ilizeeka, ni kosa langu, ningeibadilisha."

Alipokuwa anaosha goti, nikaifungua kamba kwenye kinga, nikaificha ndani ya kitenge.

Iko hapa kwa magoti yangu, nzima kabisa. Nilitaka kumwambia wakati wa kula, lakini akanitangulia. Amekwisha kumwomba ndugu yake kamba mpya, ya nailoni, ile ya kufungia mitumbwi. "Hiyo haikatiki," amesema, anacheka. "Sasa nitateremuka bila wasiwasi."

Na mwenye kuishika ni mimi.