Ngozi ya Tar Siku ya Mvua

Dada Mwende mpendwa,

Hili sijamwambia mtu: sitaki kusomea uuguzi. Nataka kusomea jinsi ala za muziki zinavyotoa sauti.

Jana mvua ilinyesha kutwa hapa mjini Saint Paul. Bi Parvin, Muirani jirani wa shangazi, alitualika chai, akatupigia tar, ala ya kwao yenye shingo ndefu na tumbo la mti lililowambwa ngozi ya mwanakondoo. Ililia kama mtu mwenye mafua.

"Nyuzi zimelegea," shangazi akasema.

Mimi, nisiyewahi kuinua mkono darasani, nikasema, "Ni ngozi. Imeingia unyevu, kama ngoma yetu ya kwaya."

Bi Parvin akacheka, akanipa niipashe joto karibu na taa. Kisha nilipogusa uzi, sauti ilitoka safi, nikaisikia mpaka kifuani.

"Huyu ana sikio!" akasema.

"La kusikilizia mioyo ya wagonjwa," shangazi akajibu kwa fahari.

Dada, na mimi nilijivunia sikio hilo. Nakukumbuka sana. Postikadi hii nimeitia ndani ya bahasha. Tafadhali, mama asijue mpaka nipate ujasiri wa kumwambia mwenyewe.

Mdogo wako,
Kalekye