Usawa wa Macho ya Kaka

Mwenzangu, huyu kaka yangu ataniua kwa presha!

Si unajua Mama tangu avunjike nyonga hatoki kitandani? Aliomba kitu kimoja tu, ukuta wa nje utobolewe dirisha awe anaona wapita njia.

Kaka akajifanya injinia. Akasimama wima, akachora chaki usawa wa macho yake. Macho YAKE! Fundi akabomoa matofali, akapachika fremu, akapiga plasta.

Leo nimejilaza ubavuni mwa Mama, nikatazama dirishani. Mawingu matupu. Mawingu, mwenzangu!

Nikamvaa Kaka: "Ulimuuliza Mama?"

"Nimuulize ya nini, kwani yeye ni fundi?"

Na Mama anamshukuru! Eti, "Ahsante mwanangu, angalau nitaona mvua ikija."

Nimelia chooni.

Kesho fundi anarudi na nyundo. Safari hii chaki anashika Mama.