Umekufa kwa Ajili ya Majani

Seif,

Leo sina salamu. Ningekuwa nazo kama ungekufa wanavyokufa watu, kwa homa, kwa gari, kwa uzee. Wewe umekufa kwa ajili ya majani, na mimi mkeo mwaka mzima nimekuwa sijui niwaambie nini watu.

Niko chumbani kwetu, ghorofa ya kumi na moja, dirisha lile linaloangalia ukuta. Ijumaa, baada ya sala. Guangzhou ina baridi yake ile ya kinafiki, asubuhi koti, mchana feni. Juzi wamefika wateja wawili kutoka Dar, na kitu cha kwanza walichoniuliza hakikuwa bei ya mabegi. "Shemeji, ile miti ya Seif, ndio wakati wake?" Nikaingia chooni nikalia kwa hasira. Kisha nikanawa uso nikawapeleka Shiling, kwenye maduka ya mabegi, kwa sababu hiyo ndiyo kazi iliyotuleta huku. Mabegi ya Shiling. Nguo za soko la Shisanhang. Kontena la bandari ya Huangpu. Hakuna aliyetutuma kuja kuangalia miti, Seif. Hakuna.

Lakini nani angekuzuia? Ulikuwa na somo lako, na kila aliyenunua hata dazeni moja kwetu alilisikia. Kwamba majani ya huku kusini yanachelewa. Kule kaskazini, Beijing, yamekwisha kupukutika, ya kwetu ndiyo kwanza yanaanza kubadilika. Mteja akikuandikia anakuja Oktoba, unamwambia asogeze safari mpaka katikati ya Desemba. Asiye na muda aende bustani ya mimea hapahapa mjini, aione ile miti iliyosimama majini inavyogeuka rangi ya kutu, tena aende asubuhi kabla ya upepo, aione juu na aione ndani ya maji. Mwenye siku nzima apande basi la Conghua, mlimani, kwenye miti ambayo jani lake ni kama kiganja cha mtoto, jekundu. Mwenye siku mbili apande treni mpaka vijiji vya mwisho wa jimbo, kwenye ile miti mikongwe ya manjano, ila hiyo aiwahi Novemba, haimsubiri mtu. Uliyajua haya kuliko ulivyozijua tarehe za meli. Nilikwambia hivyo. Ukacheka.

Nami nilikwenda nawe mara moja, siwezi kukataa. Ile bustani ya mimea. Ulininunulia kiazi kitamu cha kuchoma, kimoto, tukawa tunapokezana kwa sababu kilituunguza vidole. Ukaitazama miti, ukasema, "Mkarafuu ukifanya hivi kwetu, marehemu baba angelia. Huku watu wanaupiga picha." Nilicheka mpaka mzee mmoja wa Kichina akageuka naye akacheka, hajui tunacheka nini. Ndiyo, siku ile nilifurahi. Basi. Si ungetosheka na siku ile?

Jumapili uliyokufa nimeirudia kichwani mpaka imechakaa. Kontena lilikuwa linapakiwa kesho yake. Katoni za viatu zilikuwa bado hazijaandikwa alama. Ulivaa ile jaketi yako ya bluu, ukaniambia, "Twende Conghua, Mama Nasra. Wiki ijayo yatakuwa yamekwisha." Nikakujibu, na maneno haya ninayasikia kila siku, "Majani si mzigo. Nenda wewe na mwenzako mwenye nafasi." Ukaenda na Floribert. Hata hukukasirika. Laiti ungekasirika, ungebaki tukagombana.

Nilikuwa ghalani, kalamu ya wino mkononi, simu ilipolia. Floribert, yule Mkongo wako wa Lubumbashi aliyekuita Chef, yaani bosi, na ambaye siku zote huongea kama mtu anayesoma risala, alikuwa anapiga kelele. "Mama Nasra, kuya mbio! Chef ameanguka! Kuya!" Nikamuuliza ameanguka wapi, nikidhani kwenye basi, nikidhani kwenye ngazi. "Ku majani," akasema. "Ku majani, Mama."

Ulivuka mnyororo. Kulikuwa na mnyororo, Seif, na kibao chenye picha ya mtu anayeanguka, picha ambayo hata asiyejua herufi moja ya Kichina anaielewa. Usiku wa kuamkia siku ile mvua ilikuwa imenyesha. Mti ulikuwa umeinamia kijito, na wewe ulitaka picha isiyo na vichwa vya watu. Ukakanyaga majani yaliyolowa juu ya jiwe. Mtu mzima. Baba wa mtoto. Walipofika wa gari la wagonjwa na machela yao ulikuwa umekwisha.

Watanzania wa hapa walisimama nasi, Mungu awalipe. Walikuosha, walikuswalia, walihangaika na karatasi siku tisa mpaka nikakupeleka Zanzibar. Ndani ya ndege nikawaza nitamwambia nini mama yako. Nitamwambia mwanao aliyeacha watu Jang'ombe, akavuka bahari kutafuta riziki, amekufa akifuata picha ya jani? Nikaona wakikucheka kwenye baraza za kahawa. Nikataka uwe umekufa kwa heshima. Mama aliponishika mabega pale uwanjani, nikasema, "Moyo, mama. Moyo wake ulisimama."

Huo ndio uongo wangu. Nilikudanganyia wewe, na ukanirudia mimi.

Kwa sababu jeneza lilifunguliwa. Waliona jeraha nyuma ya sikio lako. Siku ya tatu mama aliingia chumba nilichokalia eda, akafunga mlango, akaniambia polepole, "Moyo haumpasui mtu kisogo." Nikainamisha kichwa. Kila nilipotaka kusema nikaona jinsi ukweli ulivyokuwa mwembamba, jinsi ulivyofanana na uongo kuliko uongo wenyewe. Nani atakubali? Naye akatoka, na tangu hapo akawa ananiletea chakula bila kunitazama.

Miezi minne na siku kumi, Seif. Nimekaa na nguo nyeupe ndani ya nyumba yenu nikisikiliza wanawake wakipunguza sauti jikoni kila nikikohoa. Mara umeuawa na wezi. Mara umegombana na mshirika wako. Mwisho wakafika walipokuwa wanakwenda: mke na yule Mkongo. Floribert! Mtu ambaye kila Jumapili, kabla hujaanza kumkokota milimani, alikuwa kanisani na shati jeupe! Na mimi siwezi kujitetea kwa sababu mimi ndiye niliyedanganya kwanza. Ulikuwa umelala kaburini huna habari. Wa kukusimamia nilikuwa mimi, wa kusimangwa nilikuwa mimi.

Ningevumilia. Nilirudi huku kazini nikasema nitavumilia. Lakini mwezi uliopita Nasra alinipigia kwa simu ya bibi yake. Ana miaka tisa sasa, meno ya mbele yameota yote. Akaniuliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichokuwa na uwezo nacho, "Mama, ni kweli wewe unajua nani alimuua baba?" Wamemwambia madrasa. Nikamwambia hakuna aliyemuua. Akasema, "Sasa mbona hutaki kusema?"

Siku ileile nilimpigia Floribert. Tangu uliponiacha nilikuwa sitaki kumwona. Nilimchukia kwa sababu yeye alirudi. Alikuwa na video, nilijua anayo, alinitajia hospitali nikamwambia akinionyesha nitamtemea mate. Safari hii nikamwambia, nipeleke. Hukohuko. Nitaiona hukohuko.

Tulikwenda Jumapili iliyopita. Basi lilijaa wanawake wa makamo wenye mitandio ya rangi, wamekuja kupiga picha. Na tulipofika, Seif, nilikuwa nimejiandaa kuyaona mabaya. Niliomba yawe mabaya. Nilitaka niseme mume wangu alikuwa mjinga, hata hayapendezi. Nikainua macho. Mlima mzima, wekundu juu ya wekundu, na jua likipita katikati yake, na chini kijito chako kinapita kimya kana kwamba hakijafanya kitu. Nilipiga teke rundo la majani. Wale wanawake wakadhani nami nacheza kwa ajili ya picha, mmoja akanipigia makofi.

Kwenye mnyororo Floribert akanipa simu, akaenda kusimama mbali, amenipa mgongo.

Sekunde arobaini. Unavuka mguu mmoja, unavuka wa pili. Sauti ya Floribert, "Chef, rudi, si muzuri pale." Nawe unageuka, unacheka na meno yote, unasema, "Moja tu. Hii ya Mama Nasra, maana akiona haji kuniambia tena majani si mzigo." Kisha unatoka kwenye picha. Kisha simu inaonyesha ardhi.

Nani alikutuma? Niambie. Nilikuomba alama za katoni. Nilikuomba urudi kabla ya kiza. Sikukuomba jani, wala picha ya jani. Umekwenda kufa kwa jina langu, ukaniachia jina lenyewe lipakwe matope. Sijui mwanamke aliyefanyiwa hivyo anashukuru au anavunja vyombo. Mimi nilikaa chini kwenye majani nikakutukana kwa sauti, kwa Kiswahili, watu wakinipita.

Nilipomaliza nikampigia mama yako simu ya video. Hapa ilikuwa mchana, kwao asubuhi, alikuwa anapepeta mchele uani. Nikamwambia, "Mama, nilikudanganya." Nikamweleza yote, mnyororo, kibao, mvua, jiwe. Nikamtumia video. Nikamsikia akiitazama. Nikaisikia sauti yako ikitoka kwenye uga wa kwenu.

Kisha akasema, "Geuza hiyo simu nione." Nikaigeuza. Nikamwonyesha mti ule, na mlima, polepole, kutoka huku mpaka kule.

"Ndiyo haya?"

"Ndiyo haya, mama."

"Haya tu?"

Hapo ndipo alipolia. Mwaka mzima hakuwa amelia mbele yangu. Alilia akikuita mpumbavu, akikuita Seif, akikuita mwanangu, kwa zamu. Nami nikalia huku. Mwisho akasema, "Nimekuwazia vibaya, mwanangu. Niwie radhi." Nikamwambia aniwie radhi yeye, mimi ndiye niliyemfungia mlango. Jioni yake alitoka mwenyewe, na mkongojo wake, akazunguka nyumba zile zilizosema. Sijui aliwaambia nini. Nasra ananiambia bibi alirudi kachoka, akaomba chai yenye sukari nyingi.

Basi hayo ndiyo yaliyotokea ulipoondoka. Nasra anasoma vizuri, anaandika mkono wa kushoto kama wewe. Floribert amenisaidia kupakia kontena la mwezi huu, akapiga ishara ya msalaba lilipofungwa, nikamwacha. Wateja nimewaelekeza Conghua. Nimewaambia kwa ukali wasivuke mnyororo.

Sijakusamehe. Usije ukasikia nimewapeleka watu kwenye majani ukadhani yamekwisha. Bado naamka nikiwa na maneno ya kukupa na huna masikio ya kuyapokea, na hilo nalo ni kosa lako. Nakuombea dua kila sala, kwa hasira hiyohiyo. Mwenyezi Mungu anajua namna ya kuipokea.

Lala sasa, mume wangu. Ninakuahidi jambo moja. Nasra akiniuliza tena juu yako, leo au akiwa na watoto wake, nitamwambia ulivyokuwa na ulivyokufa, bila kukuongezea heshima na bila kukupunguzia. Sitakudanganyia tena kwa mtu yeyote.

Mkeo,
Mama Nasra