Pikipiki Yenye Ilikuwa Inalia

Kabwe, mujukuu wangu,

Jambo sana kutoka Naviundu. Tuko bazima, mama yako amerudia kuimba kanisani. Unauliza kama ununue pikipiki mupya yenye bantu bote banasifu.

Nilipokuwa kijana, kambo yako mwanaume, bwana yangu, alinibeba juu ya pikipiki yake, mupya kabisa. Karibu na daraja, ikaanza kulia chini ya kiti kama mutoto mugonjwa.

"Ni upepo," akasema.

Hata jani moja haikutikisika. Nikamuomba tushuke. Tuliposhuka tu, kadre, ile chuma yenye inabeba yote, ikakatika yenyewe.

Jirani wetu akafika na pikipiki ya fabriki ileile yenye ilitengeneza yetu. Akazima moteri.

"Yangu nimenunua jana," akasema.

Chini yake, chuma iliendelea kulia.

Tukarudi batatu kwa miguu, hakuna mwenye aligeuka nyuma. Wewe, mbele ya kununua ile pikipiki, izime kwanza, usikilize.

Kambo yako,
Mwadi