K.n.y. Bwana Harusi

Jumatatu, 5 Mei 2014

Kaka anataka kijitabu. Historia ya familia, kurasa ishirini, picha katikati, kigawiwe siku Baba atakapotimiza miaka tisini. Nani aandike? Mimi, bila shaka! Nimestaafu usekretari mwezi wa kwanza, basi kila mtu anadhani vidole vinaniwasha. Nimekubali. Nikikaa bure kando ya kitanda cha Baba nitalia tu.

Leo amekunywa uji vijiko vinne. Amemwita Mama "sista". Mama akaitika, "Naam, Daktari," kama wako wodini, akamfuta mdomo.

Jumatano, 7 Mei

Sanduku la bati, uvunguni mwa kitanda. Vumbi mpaka puani. Nimekuta madaftari ya Baba ya wagonjwa — hayasomeki! Mwandiko wake ni wa kuku aliyekanyaga wino, na mji mzima ulimcheka kwa hilo. Ni mtu mmoja tu aliyeweza kuusoma, mtoa dawa wake. Walimwita Mizani, kwa jinsi alivyopima unga wa dawa akiwa amebana pumzi. Ndiye aliyekuwa msimamizi wa Baba siku ya harusi. Lebo zake mbili tatu bado zimebaki kwenye chupa tupu: herufi safi, zimesimama wima, unasoma hata bila miwani.

Cheti cha ndoa hakimo. Nimemuuliza Mama. Amesema kililiwa na mchwa. Kisha akatoka kwenda kuanua nguo ambazo hata hazijakauka.

Ijumaa, 9 Mei

Nimekwenda ofisi ya parokia. Karani ni kijana mwenye adabu, ana feni inayopiga kelele kuliko inavyopuliza. Amenitolea kitabu cha ndoa cha mwaka wa harusi yao, jalada limeshonwa kwa uzi wa magunia. Jumamosi, 12 Oktoba 1957. Sahihi ya Mama ndogo, ya woga. Sahihi ya bwana harusi —

Inasomeka.

Nimesoma jina la Baba herufi kwa herufi. Baba hajawahi kuandika jina lake likasomeka, hata kwenye ripoti zetu za shule! Mwalimu alikuwa akituuliza kama tumejisainia wenyewe. Na ule mkono ninaujua, niliuona juzi kwenye chupa.

Mbele ya jina kuna herufi tatu ndogo, wino umefifia. Karani akasema labda ni herufi za mwanzo za majina ya ukoo. Miaka thelathini na moja nimepiga chapa herufi hizo chini ya barua za mabosi waliokuwa safarini, kwenye mkutano, au kwa kinyozi. K.n.y. Kwa niaba ya.

Nimerudi kwa miguu. Nilisahau mwavuli wangu pale ofisini.

Jumapili, 11 Mei

Nimemwambia Mama nilichokiona. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho, ila mikono ilisimama.

Kumbe Baba alikuwepo. Alisimama pale mbele na suti ya kuazima, viatu vinambana. Mahubiri hayajaisha, dresa wa hospitali akaingia mbio: kuna mama mjamzito, mtoto amekaa kombo, damu haikatiki. Daktari mwingine hakuna. Baba akamwangalia Mama, akasema, "Narudi." Akatoka kwa mlango wa pembeni.

Walisubiri saa moja. Wakasubiri ya pili. Watu wakaanza kukohoa kile kikohozi cha kanisani. Babu, baba yake Mama, toka mwanzo hakumtaka mkwe anayeitwa na kila mtu. Akasimama akasema: leo au basi. Na Babu akisema basi, ni basi. Hapo Mizani akasogea mbele akamwambia padri ataitikia yeye, kwa niaba ya mwenzake. Padri alikuwa mzee, amechoka, na kesho yake ana safari. Akafungua kitabu.

Baba alirudi saa tisa alasiri, mkono wa shati una damu. Alisema, "Mama mzima, mtoto mzima." Akakaa, akala. Ndiyo ikawa harusi.

"Na baadaye hakuitikia mwenyewe?" nikamuuliza. "Hata nyumbani?"

"Nikimuuliza ananicheka. Ananiambia, si nilituma mwakilishi?"

Nami nikacheka, maana hiyo ni sauti ya Baba kabisa. Mama hakucheka. Akarudi kwenye mchele wake, akasema hivi, ninayaandika yalivyo: "Mizani alivyoitikia siku ile, mwanangu, hakuitikia kwa niaba ya mtu."

Mwezi uliofuata Mizani aliomba uhamisho. Hakuaga.

Nilijua nisiulize zaidi. Nikavuta ungo mwingine, tukachambua wote.

Jumatatu, 12 Mei

Kaka amekuja. Ni mwenyekiti wa parokia, na sauti yake ya uenyekiti haivui mlangoni. Nimemweleza. Kwanza akakana. Kisha akataka kujua nani mwingine ameona. Kisha akasema kwenye kijitabu tuandike "walifunga ndoa takatifu" tupige nukta, yaishe. Eti nataka watu waseme yeye ni mtoto wa nje?

Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua — na hii ni nyumba ya daktari!

Akaniambia mimi na mdomo wangu ndiyo maana sikuolewa. Nikamwambia mimi mtu akinioa atakuja mwenyewe. Mama alikuwa amesimama mlangoni, anatusikiliza. Nimeona haya mpaka sasa.

Baba leo hakula.

Alhamisi, 15 Mei

Mama amevaa viatu vya Jumapili, akaniamuru nimsindikize parokiani. Hakuniambia kwa nini. Padri ni kijana, angeweza kuwa mjukuu wake. Alitusikiliza vizuri, akasema Mama asiwe na wasiwasi, ndoa ni ndoa, miaka hamsini na sita ni ushahidi wa kutosha.

Mama akamwambia, "Sikuulizi kama ni ndoa, Padri. Nauliza kama utakuja kumuuliza."

Njiani akanishika mkono, jambo ambalo halifanyi. Akasema amemzalia watano, amezika wawili naye, amemfulia makoti meupe mpaka kucha zikaisha, na hajamsikia hata siku moja akisema anamkubali. Daktari ataondoka bila kulisema. Na yeye atabaki na ndiyo ya mtu mwingine.

Nimekwenda kulilia chooni kama mtoto. Miaka yote nilidhani mama yangu hana anachokikosa.

Jumamosi, 17 Mei

Saa nne asubuhi. Ninaandika humu humu chumbani, kwenye kiti cha kona. Mama ameniambia: wewe si sekretari? Andika atakachosema, neno kwa neno, mtu asije kuniambia nilisikia vibaya.

Baba ameinuliwa kwa mito mitatu. Amenyolewa. Mama amemvalisha shati jeupe, mwenyewe kavaa gauni la kawaida la bluu. Kaka amekuja! Amesimama dirishani. Amemletea Baba kalamu, ile nzuri ya mkutanoni. Karani amebeba kile kitabu cha uzi wa magunia. Na mwavuli wangu.

Padri ameinama sikioni. Amemtaja Baba kwa jina lake, amemtaja Mama kwa jina lake. Ameuliza taratibu: unamkubali?

Baba anamtazama Padri.

Padri amerudia.

Baba: "Mgonjwa ni yupi?"

Kaka ameugeukia ukuta. Padri ananitazama mimi, kana kwamba nina jibu. Kaka amesema kwa sauti ya chini, si ya uenyekiti, kwamba kama itabidi, yeye ataitikia kwa —

Mama: "Hapana. Leo hakuna niaba."

Amesogeza kiti. Amelaza mkono wake juu ya shuka, kiganja juu. Anasema, "Mgonjwa ni mimi, Daktari."

Baba ameupapasa. Ameupata. Vidole vitatu kwenye kifundo, pale pale panapotakiwa, havitetemeki. Ameinua macho kwenye saa ya ukutani. Midomo inacheza.

Padri anataka kusema kitu. Mama: "Msubiri. Anahesabu."

Nasikia saa. Sasa nasikia na yeye, sauti imeanza kutoka. Hamsini na moja. Hamsini na mbili. Mama hapumui. Baba ameondoa macho kwenye saa, anamwangalia yeye. Vidole bado hajavitoa. Anasema:

"Narudi —"

Hapana. Hajamaliza. Kinywa bado ki wazi. Mama ameinama karibu kabisa, sasa ninaona mgongo wake tu, na neno linalofuata analisikia yeye peke yake.